Somo: Kupima matamshi ya mtoto wa miaka 2 hadi 6, hatua kwa hatua

Somo hili ni la wazazi na walimu wa chekechea, hasa wa hapa Tanga, ambako mtoto anaweza kusikia Kiswahili, Kidigo, Kibondei na Kisambaa kabla hata hajaanza shule. Naomba tukubaliane jambo moja kwanza: mtoto hapimwi kwa neno moja alilokosea. Anapimwa kwa mpangilio wa makosa yake, na analinganishwa na usemi wa nyumba aliyokulia.

Hatua ya 1: Masikio. Usianze na ulimi. Mtoto anayetokwa usaha sikioni, anayeongeza sauti ya televisheni, au asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, apimwe usikivu kabla ya kitu kingine chochote. Anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Asiyesikia vizuri s na sh hataweza kuzitofautisha mdomoni, hata umfundishe mwaka mzima.

Hatua ya 2: Sikiliza wakubwa wa nyumbani. Kama bibi, mama na jirani wote husema "samani" kwa thamani na "zahabu" kwa dhahabu, mtoto anayesema hivyo hana kasoro yoyote. Amejifunza alichosikia. Ndivyo ilivyo pia kwa r na l zinazobadilishana. Andika pembeni sauti ambazo wakubwa hawazitumii, uziondoe kwenye hesabu yako.

Hatua ya 3: Kusanya maneno. Tumia vitu halisi au picha anazozijua: kuku, samaki, ndizi, kikombe, gari, mbuzi, nyanya, ng'ombe, chura, shati, viatu, fagio, jogoo, punda, leso, yai, mti. Yafike maneno 40 au 50, kila sauti ipatikane mwanzoni na katikati ya neno. Vipimo vya Kiingereza hudai pia sauti za mwisho wa neno, lakini maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo usihangaike. Tusichotakiwa kukisahau ni mb, nd, nj na ng, pamoja na ile m inayosimama peke yake kwenye mtoto na mti. Th, dh, gh na kh mwachie aliyekwisha kuanza shule.

Muulize "Hii nini?" Usimwambie "Sema samaki," maana hapo atakuiga, nawe unataka kujua anavyosema mwenyewe. Akishataja vyote, mwache acheze huku simu ikirekodi dakika kumi. Usemi wa mchezoni mara nyingi hutofautiana na wa kwenye picha.

Hatua ya 4: Andika alivyosema, herufi kwa herufi, usimsahihishe. Halafu hesabu konsonanti. Tuseme amesema hivi:

samaki – "tamati": konsonanti 3, sahihi 1 (m)
kikombe – "titombe": konsonanti 3, sahihi 1 (mb tunaihesabu sauti moja)
gari – "gali": konsonanti 2, sahihi 1
ndizi – "dizi": konsonanti 2, sahihi 1

Jumla ni 4 kati ya 10, yaani asilimia 40. Maneno manne hayatoshi kumhukumu mtoto, nimeyatumia kuonyesha njia tu. Wataalamu wa Marekani walioanzisha hesabu hii mwaka 1982 waliona kwamba chini ya asilimia 50 tatizo ni kubwa, na juu ya 85 ni dogo. Walipima watoto wa Kiingereza, kwa hiyo kwetu namba hizo ni za kutuongoza tu.

Hatua ya 5: Tafuta mpangilio. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Tazama tena mfano wetu: k imegeuka t kila mahali, kwenye samaki na kwenye kikombe. Huyo hajakosea maneno mawili, ana kanuni moja: sauti za nyuma ya kinywa anazileta mbele. Lakini g ya gari ameitamka vizuri, nayo hutengenezwa palepale pa k. Basi mahali anapafikia. Mkalishe mbele yako, akutazame mdomo, umwambie "ka". Akiweza kukuiga, hiyo ni dalili njema sana.

Kisha mtajishe maneno yaleyale mara tatu kwa kupumzika katikati. Anayesema "titombe" mara zote tatu ana mpango wake. Anayesema "titombe", kisha "pikobe", kisha "tombe", huyo ananitia wasiwasi zaidi, hata kama asilimia zao zinalingana.

Hatua ya 6: Nani anamwelewa? Kuna kipimo kilichotungwa Australia mwaka 2012, chepesi na cha bure. Toa alama 1 (hawamwelewi kabisa) hadi 5 (wanamwelewa daima) kwa makundi saba: wewe mzazi, wa nyumbani, ndugu wengine, rafiki zake, watu wanaofahamiana naye, walimu, na wageni. Jumlisha, gawa kwa 7. Alama ya wageni itazame sana. Mtoto wa miaka 4 ambaye muuza duka hamwelewi bila mama kutafsiri anahitaji mtaalamu.

MASWALI YA WAZAZI NA WALIMU

Mama wa Makorora: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka 5, r yote ni l. Nimpeleke?
Jibu: Marahaba mwanangu. Tafiti za lugha 27 zilizokusanywa pamoja mwaka 2018 zilionyesha kwamba kufikia miaka 5 watoto huwa na konsonanti nyingi, ila r ni kati ya zinazochelewa. Kama sauti nyingine ziko sawa na wageni wanamwelewa, subiri huku ukimsemesha vizuri.

Baba wa Muheza: Bibi yake anataka akatwe kimeo ili aseme.
Jibu: Nakusihi, baba, usikubali. Kimeo hakitengenezi k, s wala r. Kukikata huleta damu nyingi na maambukizi, na wapo watoto waliofariki. Mwambie bibi kwa heshima, umshirikishe kwenye kumpima mtoto. Bibi ndiye anayeshinda naye.

Mwalimu wa Pongwe: Nyumbani wanasema Kidigo, shuleni Kiswahili. Je, lugha mbili ndizo zinamchanganya?
Jibu: Hapana, mwalimu mwenzangu. Lugha mbili hazisababishi kasoro ya matamshi. Mpime kwa zote mbili, mama akusaidie kwa Kidigo. Tatizo la kweli litaonekana kote kuwili. Likiwa kwenye Kiswahili peke yake, bado anajifunza.

Mama wa Chumbageni: Wangu ana miaka 2 na nusu. Alikuwa anasema maji, baba, njoo. Sasa amenyamaza.
Jibu: Mama, hatua hizi sita ziache. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo hasubiri. Nenda hospitali wiki hii, ubebe kadi ya kliniki, na umwambie daktari maneno hayo matatu na lini aliyasema mara ya mwisho.