Mizani Ikigoma, Shika Futi Kamba

Mimi ni fundi cherehani, Tabata Kimanga. Kazi yangu ni ya kukaa: asubuhi hadi magharibi mguu uko kwenye pedali na mgongo umeinama juu ya kitambaa. Januari 2024 nilikuwa na kilo 96 na presha ilishaanza kupanda. Leo nina kilo 81. Wateja wananiuliza nakunywa dawa gani. Sinywi dawa ya kupungua, natembea, na ninachotaka kukueleza hapa ni jinsi ya kutoacha. Kuanza kila mtu anaanza.

Wiki sita za mwanzo nilipungua kilo tano, nikaona mambo ni mepesi. Baadaye mizani ikasimama kwenye 91. Wiki ya kwanza 91, ya pili 91, ya tatu 91 na nusu. Kila alfajiri niko barabarani, jasho linatoka, na namba haisogei. Nililia, na nikamwambia jirani yangu tunayetembea naye kwamba kesho asinigongee.

Wakati huo nilikuwa na oda ya sare za kicheni pati, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wavaaji. Kipimo changu nilikichukua siku mizani ilipoanza kugoma: kiuno inchi 41 na nusu. Wiki tatu zilipopita nikamaliza kushona, nikavaa kujaribu, kiuno kikaning'inia. Nilidhani nimekosea kukata. Nikafungua daftari, nikapima kitambaa, kimekaa sawa na maandishi. Nikazungusha futi kamba kiunoni kwangu: inchi 40 na nusu. Inchi nzima imeondoka na mizani haikuniambia kitu. Nikafumua mshono wa pembeni, nikapunguza, na jioni ile nikaenda kwa jirani kumwomba anigongee kama kawaida.

Kwa hiyo la kwanza: usiitegemee mizani peke yake. Uzito unapanda na kushuka kwa maji ya mwili. Ukila dagaa wenye chumvi nyingi jana, leo umebeba maji. Ukikaribia hedhi, vivyo hivyo. Misuli isiyozoea mazoezi nayo hushika maji inapojijenga. Tena mwili uliopungua unatumia nguvu kidogo kuliko ule mzito wa mwanzo, ndiyo maana kasi ya mwezi wa kwanza haidumu. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha kabisa, na zipo wiki utakazokosa hata hiyo.

Pima kiuno hivi. Asubuhi, kabla ya chai, umeshatoka chooni. Simama wima, miguu imeachana kidogo. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu, kisha juu ya mfupa wa nyonga, na futi ipite katikati ya hapo. Wengi hupima pale wanapofungia kanga, na kanga hupanda na kushuka. Toa pumzi taratibu, usiingize tumbo, na futi iguse ngozi bila kubana. Pima mara mbili, andika na tarehe. Rudia baada ya wiki mbili. Ukipima kila siku utaona mabadiliko ambayo ni mkono wako tu ulivyoshika. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88, yaani karibu inchi 34 na nusu, wataalamu wa afya wanakihesabu kuwa hatari kubwa kwa moyo na kisukari. Kwa mwanamume ni sentimita 102. Mimi bado sijafika nilipotaka, naendelea.

La pili ni saa. Nilijaribu jioni nikashindwa kabisa, maana jioni ndiyo wateja wanakuja kuchukua nguo, na mwenye harusi kesho hakuelewi ukimwambia unaenda mazoezini. Nikahamia alfajiri baada ya swala. Dar jua likishachomoza joto halina huruma, hasa Desemba hadi Machi, kwa hiyo saa kumi na mbili tuko njiani. Nguo naziweka juu ya kiti usiku na raba mlangoni. Raba nilinunua za mtumba, lakini nilichagua zenye soli nzima, zisizoliwa upande mmoja. Hapo usibane hela, kwa sababu goti likiuma mazoezi yote yanaisha.

Nalijua hilo kwa maumivu. Mwezi wa kwanza nilitaka kukimbia kama vijana wa jogingi. Siku ya nne goti la kulia likavimba, nikakaa ndani siku kumi. Ukiwa na uzito mkubwa, tembea. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Sisi tunatembea dakika 40, siku tano. Mwenye presha, sukari au maumivu ya kifua aonane na daktari kabla ya kuanza.

Tafuta mwenzako anayekaa karibu, wa kugonga dirisha. Simu unaweza kuizima. Mtu aliyesimama nje na kanga yake begani huwezi kumwacha pale. Jumamosi moja moja tunapanda daladala hadi Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022 juu ya bahari. Lina urefu wa kilomita moja na kidogo, upepo unapiga usoni, na vikundi vya jogingi vinapita vikiimba. Siku hiyo hatuhesabu dakika.

Masika nayo yana utaratibu wake. Mvua ikinyesha nafanya dakika kumi ndani, si zaidi: kukaa na kusimama kwenye stuli ya cherehani mara kumi na tano bila kushika meza, pushapu za ukutani kumi, kupanda na kushuka kizingiti, halafu narudia. Ni kidogo, lakini siku inaandikwa kwenye kalenda, na mimi siruhusu siku mbili zifuatane bila alama.

Kuhusu chakula nitasema moja tu. Usijilipe kwa kula. Kutembea kwa kasi saa nzima kunachoma nguvu inayokaribiana na chapati moja kubwa ya mafuta, na mimi nilikuwa narudi nakula mbili na soda kwa sababu nimechoka. Sasa nikirudi nakunywa maji, naoga, nakula mayai na ndizi mbivu moja, kisha cherehani.

Kuna nyakati utakatika. Mimi nilikatika wiki nne tulipokuwa na msiba kijijini. Niliporudi sikujaribu kulipa deni. Siku ya kwanza dakika 15, ya pili 15, ya tatu 20, na wiki hiyo yote mizani ilibaki uvunguni mwa kitanda.