Mkanda wa msasa: shika maungio kwanza kabla hujatoa hela

Mafundi wenzangu, wengi tunanunua mkanda wa msasa, ule wa duara wa kuvalisha kwenye mashine ya kupiga msasa, kwa namba tu, yaani ukubwa wa chembe, namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Unafika dukani unasema nipe namba 80, muuzaji anakuwekea mezani, unalipa unaondoka. Namba ni muhimu sawa, ila haikwambii kama huo mkanda utamaliza hata meza moja. Mi siku hizi naanza na maungio, pale ncha mbili zilipokutanishwa, kwa sababu mkanda mbovu mara nyingi unafia pale pale.

Hili nimelipata kwa maumivu. Nilikuwa na meza ya mninga ya watu sita, imebaki kupita mara ya mwisho na namba 120, nikaanza kusikia mashine inalia tok tok tok tok, nikaendelea nikijua ni vumbi tu. Kumbe pale maungio yalikuwa na kinundu na kila mzunguko kinagonga mbao. Ile nainua mashine niangalie, mkanda ukaachia, ncha ikanichapa kiganja, na mezani kuna vimistari vimelala kukatisha nyuzi za mbao, vimepangana kama meno ya kitana. Nikarudi namba 80 uso mzima, siku nyingine ikaenda na mteja anapiga simu.

Kwa hiyo ukiwa dukani mwambie boss akufungulie uushike. Funga macho kabisa, pitisha kidole juu ya maungio kwa mbele na kwa nyuma, kidole kikikwaa waziwazi mrudishie. Halafu kunja taratibu hapo hapo, ukisikia inalia kama biskuti ujue gundi imeshakauka, hiyo haifiki mbali. Kwangua na kucha pia, chembe zikidondoka kwa kucha tu mbele ya mtiki zitafanya nini?

Maungio yenyewe utakutana nayo ya aina mbili. Kuna ile ncha moja imelala juu ya nyingine, hii inazunguka upande mmoja tu, ndio maana mgongoni ina mshale na huo mshale lazima ufuate mzunguko wa mashine, ukivalisha kinyume ile ncha ya juu inapigwa na mbao mpaka inabanduka. Nyingine ncha zimekutana bila kupandana halafu mgongoni wamebandika utepe mwembamba, hii haina kinundu na mara nyingi inazunguka pande zote mbili. Kwa kazi ya kumalizia mimi nachukua ya utepe, hata kama imezidi bei kidogo.

Kitu kingine simamisha mkanda wima juu ya kaunta, ukae kwa ukingo wake kama ukuta wa duara. Ukingo wote uguse kaunta, na ukigeuza upande wa pili hivyo hivyo. Kama kuna sehemu inaning'inia basi umekatwa upogo, huo kwenye mashine utakuwa unakimbilia pembeni kila saa na utazungusha kile kitasa cha kuurudisha mkanda katikati mpaka uchoke.

Mgongo uwe wa kitambaa kwa mashine ya mkono au ya mezani, karatasi inachanika mapema. Mgongoni kuna herufi, J ni kitambaa laini cha sehemu za mviringo, X ni kigumu zaidi na ndio cha kazi zetu nyingi, Y ni kizito cha kazi ngumu. Rangi isikudanganye maana rangi inapakwa tu, soma maandishi. Chembe za alumini oksaidi zinatosha kwa mbao nyingi, za zirkonia zinadumu zaidi ukiwa unakula mbao nyingi kwa chembe kubwa kubwa za namba 40 na 60. Namba ikiwa na P mbele ni kipimo cha Ulaya, kwa 80 au 120 tofauti na isiyo na P ni ndogo, kuanzia 240 kwenda juu ndio usichanganye.

Sasa paini. Zile za shamba la miti la Sao Hill zina utomvu, mkanda wenye chembe zilizobanana unaziba ndani ya muda mfupi, unaanza kung'aa na kuunguza mbao. Tafuta wenye chembe zilizoachana, ukiusogeza kwenye mwanga unaona gundi katikati ya chembe. Ukiziba usiutupe, washa mashine ukandamize soli ya kiatu ya mpira wa asili, ile ya njano, utomvu mwingi unatoka.

Huku kwetu Dodoma shida nyingine ni ukavu. Watengenezaji wanashauri mkanda ukae kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 na unyevu wa asilimia 45 hadi 65, sasa niambie mwezi wa tisa saa nane mchana na ule upepo wetu huo unyevu unautoa wapi! Ndio maana duka linaloning'iniza mikanda nje juani sinunui, kingo zinajikunja na gundi inakakamaa. Ukifika karakana weka ndani, mbali na bati, tundika kwenye bomba la inchi 4. Usitundike kwenye msumari, unaacha mkunjo na mkunjo ndio unapasuka. Jioni legeza mkanda kwenye mashine, usiuache umevutwa usiku kucha.

Saizi soma kwenye mashine yako, milimita 75 kwa 457 na 75 kwa 533 zinafanana ukiziangalia kwa macho ila haziingiliani, na mashine ya Makita 9403 inataka 100 kwa 610. Na barakoa vaa jamani, vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya pua, sio kukohoa tu.

Ukipata duka jipya nunua mmoja kwanza. Upime kwenye kipande cha mbao dakika tano, sikiliza kama kuna tok tok, zima, pitisha tena kidole kwenye maungio. Ukiwa bado uko vilevile rudi siku hiyo hiyo uchukue mingine kutoka boksi lile lile, maana boksi la wiki ijayo linaweza kuwa mzigo mwingine kabisa.