Kabla Hujatia Saini: Jinsi ya Kuanza na Kudumu katika Kazi ya Supamaketi Kubwa

Anayeajiriwa katika duka la mtaani hufahamiana na mwenye mali kwa sura, na kosa dogo la hesabu humalizwa kwa mazungumzo jioni wakati wa kufunga. Anayeajiriwa na kampuni yenye matawi mengi nchini Kenya, iwe Naivas, Quickmart, Carrefour au nyingineyo, huenda asimwone mwenye mali hata siku moja. Makao makuu yatamjua kwa namba yake ya kazi, kwa hesabu ya droo yake na kwa saini alizoziacha kwenye karatasi za kila zamu. Nilifanya kazi ya ukeshia, kisha ya usimamizi wa zamu, katika kampuni moja ya aina hiyo, na karibu kila mwenzangu niliyemwona akipoteza kazi bila kuiba chochote alikuwa ametia saini kitu ambacho hakukihesabu au hakukisoma. Ndiyo maana mwongozo huu unalirudia jambo hilo kila mahali.

Mkataba

Kabla ya kuusoma mshahara, soma jina la mwajiri. Wafanyakazi wengi unaowaona ndani ya supamaketi hawajaajiriwa na supamaketi yenyewe. Wapo wanaopanga bidhaa za kiwanda kimoja tu, nao huajiriwa na kiwanda hicho au na wakala wake. Wapo pia wanaoletwa na kampuni za kutoa wafanyakazi kwa mikataba mifupi. Siku utakapodai likizo au malimbikizo ya mshahara, utamdai yule aliyeandikwa kwenye mkataba, hata kama sare yako ina nembo ya mwingine.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6, nacho kinaweza kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi bila kupita jumla ya miezi 12. Katika kipindi hicho upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi au zaidi, na katika kila siku 7 una haki ya kupumzika angalau siku moja, ingawa siku hiyo mara nyingi haitakuwa Jumapili. Ukiwa umezoea kwenda kanisani au kukutana na jamaa zako Jumapili, zungumza na msimamizi mapema kuhusu kubadilishana zamu, kwa maana ratiba hupangwa kwa kufuata wingi wa wateja.

Kuna kifungu kimoja cha mkataba ambacho keshia hapaswi kukiruka, nacho ni kile kinachosema kwamba umekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo kinamruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha waziwazi. Hata hivyo, makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ni vyema ujue mambo hayo yote mawili: kwamba unaweza kukatwa, na kwamba ukataji una mpaka.

Kwenye mashine ya malipo

Zamu ya keshia huanza kabla ya mteja wa kwanza. Utapewa fedha za chenji za kuanzia pamoja na karatasi ya kutia saini, na aghalabu nyuma yako kutakuwa na wenzako wawili au watatu wanaosubiri kupewa zao. Zihesabu hapo hapo, noti kwa noti na sarafu kwa sarafu, mbele ya anayekukabidhi. Hakuna ukosefu wa adabu katika kufanya hivyo. Mtunza sefu mwenye uzoefu humheshimu zaidi keshia anayehesabu. Ukiona pungufu ya shilingi 50, isemwe na iandikwe kabla hujaondoka mezani, kwa sababu ukishageuza mgongo shilingi hizo zimekuwa zako.

Namba yako ya siri ya kuingilia kwenye mashine ni sawa na saini yako. Katika wiki zangu za mwanzo nilimwachia mwenzangu mashine ikiwa bado wazi kwa jina langu ili niende kula, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na msimamizi alikuwa akituharakisha. Jioni droo ilipungukiwa shilingi 2,000. Simlaumu mwenzangu, kwani sijui kilichotokea, na hata mtambo haukujua: kila risiti ya saa ile ilikuwa na jina langu. Nililipa kutoka kwenye mshahara ambao tayari ulikuwa mdogo. Tangu hapo niliifunga mashine kila nilipoinuka, hata kama nilikuwa naenda kuchukua mifuko hatua tatu tu kutoka kitini.

Wizi mkubwa wa kaunta hujificha katika kufuta bidhaa. Mteja akibadili nia, au bidhaa ikisomwa mara mbili, keshia humwita msimamizi ambaye huidhinisha kufutwa kwake. Usikubali msimamizi akuachie kadi au namba yake ili ujihudumie mwenyewe wakati wa msongamano. Mwisho wa mwezi ripoti itaonyesha ni nani aliyefuta bidhaa mara nyingi kuliko wengine, na hapo hakuna atakayekumbuka kwamba siku hiyo ilikuwa mkesha wa Krismasi.

Malipo ya M-Pesa yana hatari yake. Mteja anaweza kukuonyesha ujumbe kwenye simu yake ambao ni wa jana, wa duka jingine, au wa kughushi kabisa. Subiri uthibitisho uonekane kwenye mtambo wa duka lako ndipo utoe risiti. Mteja mwaminifu atakasirika kidogo, na ni wajibu wako kumwomba radhi kwa upole huku ukiendelea kusubiri. Kuhusu noti, ziguse kabla ya kuzitazama, kwa sababu karatasi ya noti halali ina mkwaruzo unaouhisi kwenye vidole. Ile noti ya zamani ya shilingi 1,000 haikubaliki popote tangu tarehe 1 Oktoba 2019, lakini bado inaweza kujitokeza katikati ya bunda lililofunguliwa haraka.

Fedha zikijaa kwenye droo, omba zipelekwe kwenye sefu kabla ya mwisho wa zamu. Kila zinapochukuliwa, zihesabiwe na watu wawili, nawe ubaki na nakala ya karatasi.

Ghalani na kwenye rafu

Wanaoanzia ghalani hudhani kwamba wamepewa kazi ya kubeba mizigo tu, kumbe ndipo mali ya kampuni inapopotea au kupona. Lori likifika, ankara inaweza kusema katoni 40 na zilizoshushwa zikawa 38, au katoni zikatimia ilhali moja imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi. Dereva atakuhimiza kwa sababu ana matawi mengine ya kufikia. Hesabu, kagua tarehe za mwisho za matumizi, kisha uandike ulichokipokea kwa hakika, hata kama ni lazima ukate namba iliyochapishwa na kuandika nyingine pembeni mbele yake. Upungufu ambao haukuandikwa mlangoni hujitokeza siku ya kuhesabu mali yote ya tawi, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa usiku milango ikiwa imefungwa, na wakati huo huitwa upotevu wa tawi zima.

Kwenye rafu, kinachokaribia kuharibika hukaa mbele na kipya huingia nyuma. Maziwa, mikate na mtindi huhitaji jicho lako kila siku. Kibandiko cha bei kisipolingana na bei ya mashine, ni keshia atakayegombezwa na mteja kwa kosa la mpanga rafu, kwa hiyo badilisha vibandiko vyote siku ambayo bei imebadilika, kabla ya milango kufunguliwa.

Mwili nao utunzwe. Nunua viatu vya soli laini kabla ya kununua kitu kingine chochote kwa mshahara wa kwanza, kwa sababu utasimama kwa muda mrefu juu ya sakafu ngumu. Gunia la mchele la kilo 25 huinuliwa kwa kukunja magoti. Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo na uhakikishe imeandikwa, kwani madai chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 hutegemea kumbukumbu.

Ukiitwa ofisini

Utakaguliwa mfuko na walinzi kila utokapo, na katika matawi mengi simu yako itabaki kabatini. Ukaguzi huo unaudhi mwanzoni, lakini ukifanywa kwa wote, meneja akiwemo, humlinda mfanyakazi mwadilifu. Ukinunua kitu humo humo, beba risiti.

Ikitokea umetuhumiwa, utapewa barua ya kukutaka ujieleze. Usiandike jibu ukiwa umesimama kaunta, wala usikubali kutia saini barua ya kujiuzulu iliyoandikwa na mtu mwingine. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kukuachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na akuruhusu uwe na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Chama kinachowapokea wafanyakazi wa sekta hii ni KUCFAW, yaani chama cha wafanyakazi wa biashara, vyakula na kazi zinazohusiana nazo nchini Kenya, na inafaa kumjua mwakilishi wake katika tawi lako mapema, wakati huna shida yoyote.

Karatasi za kuweka nyumbani

Ukubwa wa kampuni si dhamana. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga milango mwaka 2006 kabla ya kufufuliwa na kuyumba tena. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na ilipofika Januari 2020 wadai wake walikubaliana ifungwe. Tuskys nayo ilifuata njia hiyo muda mfupi baadaye. Mfanyakazi wa rafu huona dalili mapema kuliko magazeti: mzalishaji anaacha kuleta bidhaa kwa mkopo, bidhaa moja inatandazwa ili kufunika mapengo, na mshahara wa tarehe 30 unakuja tarehe 12.

Kwa hiyo weka nyumbani nakala ya mkataba, hati za mshahara za kila mwezi, na barua zote za kupandishwa cheo au kuhamishwa. Hakiki mara kwa mara kwamba michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na ile ya bima ya afya, ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara wako, inafika huko inakotakiwa kufika. Kampuni ikifilisika, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 huyatanguliza madai ya mishahara, hadi kiwango fulani, mbele ya madai ya wadai wasio na dhamana, lakini mfilisi, yaani msimamizi wa kufungwa kwa kampuni, humlipa anayeonyesha ushahidi. Kesi ya kudai haki za mkataba wa kazi, nayo, hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Ukiondoka kwa hiari yako, funga hesabu ya droo mbele ya msimamizi, rudisha sare na funguo za kabati, na uombe hati ya utumishi ambayo kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri akupe. Hati hiyo hutaja tarehe za kuanza na kumaliza kazi pamoja na cheo chako. Zisome tarehe hizo mbele ya ofisa anayekukabidhi, na zikiwa na kosa mwombe airekebishe kabla hujatia saini kwamba umeipokea.