Ukipewa hoja ya nafasi za matabaka ya India kwenye mdahalo

Nafundisha mdahalo shule moja hapa Lamu. Hoja hii, kwamba India iwatengee watu wa matabaka ya chini, yale ya kuzaliwa nayo, nafasi za kazi na vyuo, ikitoka, vijana husimama wakapaza sauti, huyu "Ni haki!", yule "Ni ubaguzi!", basi wamemaliza.

Anza na katiba yao ya 1950. Ibara ya 16 inakataza ubaguzi katika kazi za serikali, na humo humo kifungu cha 4 kinaruhusu walio nyuma watengewe nafasi. Vyuo vilifuata. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ilifuta mgao wa nafasi za vyuo vya Madras, na bunge likajibu mwaka uo huo kwa kuongeza kifungu cha 15(4) cha kuuruhusu.

Hesabu zikariri kabisa, usisome karatasini. Kwa kazi za serikali kuu, Wadalit, wale waliokuwa wakiitwa "wasioguswa", asilimia 15, jamii za makabila 7.5, matabaka mengine yaliyo nyuma 27. Jumla 49.5, maana kesi ya Indra Sawhney ya 1992, katika Mahakama ya Juu, iliweka kikomo cha 50. Mwaka 2019 wakaongeza 10 kwa maskini walio nje ya makundi hayo.

Lakini mwalimu nikiwa jaji, alama nawapa wanaouliza: ndani ya kundi, nani hasa anaipata nafasi? Kesi hiyo ya 1992 iliamuru waliokwisha nawiri katika yale matabaka mengine waondolewe. Agosti 2024, majaji 6 kati ya 7 wakaruhusu majimbo kuwagawa Wadalit mafungu madogo, ili wa chini kabisa wasimezwe na wenzao.

Ukiulizwa yatuhusu nini, taja kwetu. Kaunti ya Lamu ilikuwa miongoni mwa 14 za mwanzo kuwekwa kwenye orodha ya Hazina ya Usawazishaji, fedha za serikali kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Sasa mtoto wa mwenye hoteli Shela na mtoto wa Mwaweer, wale wanaoitwa pia Waboni, kule Basuba, wote wa Lamu. Nafasi moja ikija, nani ataiwahi? Uliza, kisha nyamaza.

Mpinzani hakosi kusema: "Tuangalie umaskini tu, tabaka tuliache." Usibabaike. Mkumbushe kwamba ile asilimia 10 ilipita mahakamani 2022 kwa majaji 3 dhidi ya 2, na wale wawili walipinga kwa sababu maskini wa matabaka ya chini wamefungiwa nje. Mwulize yeye yuko na wepi.