Jipu lisilosikia dawa
Ukiona uvimbe unaouma kuliko ukubwa wake, una joto, na katikati umetunga usaha, usikimbilie kusema umeng'atwa na buibui. Wengi husema hivyo, kumbe ni jipu la bakteria aitwaye stafilokokasi, na huenda ni ile aina sugu kwa dawa inayoitwa MRSA. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ya kawaida. Mpaka usaha upimwe maabara. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tumia kiganja: gusa kama pana joto na pamekuwa pagumu.

Chukua kalamu, chora mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe, andika na saa. Uvimbe ukivuka mstari, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa na homa, michirizi inayopanda mkononi au mguuni, jipu likiwa usoni, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga au ana kisukari, usingoje hata huo mstari.

Usilikamue. Kulikamua huwasukuma bakteria ndani zaidi. Mara nyingi tiba yenyewe ni mhudumu wa afya kulipasua na kuutoa usaha wote, wala si vidonge. Na zile amoksilini zilizobaki kabatini ziache, maana MRSA haizijali. Ukiandikiwa dawa, maliza dozi hata kama maumivu yameisha.

Nyumbani funika kidonda, nawa mikono kwa sabuni kila ukibadilisha bandeji, na taulo na wembe viwe vyako peke yako.