Kukitia kisanamu mfupa wa chuma: namna ya kutengeneza kiwiko kilichokatika

Ukisikia "tak!" unapokunja kiwiko cha kisanamu chako, yule mwanasesere wa plastiki mwenye viungo vinavyokunjika, tulia. Acha kukizungusha, na tafadhali usikimbilie supaglu. Mimi nilikimbilia. Mpwa wangu alikuwa amemkunja mkono askari mmoja mweusi wa sentimita 15, asubuhi yenye baridi, pini ya kiwiko ikakatika. Nikadondosha tone moja tu, nikashikilia dakika mbili, nikajiona fundi. Kumbe gundi ile, nyepesi kama maji, ilishanyonywa hadi ndani ya bawaba. Kiwiko kikaganda kama mkono uliofungwa plasta, na mvuke wa gundi ukaacha ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi. Wiki haikuisha, pini ikakatika palepale.

Si kwamba supaglu ni mbovu. Pini ya kiwiko cha kisanamu cha ukubwa huo ina unene wa milimita 3 au 4, kwa hiyo sehemu unayoibandika haizidi punje ya choroko, halafu kila ukizungusha mkono, nguvu yote inatua hapo hapo. Daktari wa mifupa hapaki gundi kwenye mfupa uliovunjika, anapitisha chuma. Nasi tutafanya hivyo.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huu. Visanamu vingi vya siku hizi vina kiwiko cha namna hii: kuna kipande kidogo cha bawaba kinachokunja, na juu yake pini yenye kichwa kilichovimba kama uyoga, inayoingia ndani ya mkono wa juu ili mkono uweze kuzunguka. Kinachokatika mara nyingi ni shingo ya uyoga huo. Kisiki kinabaki ndani ya mkono, kingine kinabaki kwenye bawaba.

Kama wako ni G.I. Joe, yule askari wa kuchezea wa Kimarekani, wa miaka ya 1980, wale wafupi wa sentimita 9 na nusu hivi walioanza kutoka 1982, na kilichoachia ni kiuno, shukuru Mungu: hujavunja kitu. Kiwiliwili na miguu yao vimeshikwa na raba ya duara, na raba huzeeka. Fungua skrubu ya mgongoni, toa raba iliyokatika, vika mpya kwenye ndoano ya chuma inayoshika miguu, funga. Mafundi bomba wanazo raba za namna hiyo. Nenda na ya zamani upimishe. Huna haja ya kuendelea kusoma.

Kwa waliobaki, tafuta vifaa hivi: biti za drili za milimita 1 na kishikio chake cha kuzungusha kwa vidole (mafundi saa wanavyo), klipu ya karatasi, skrubu nyembamba ya simu au miwani na bisibisi yake, plaizi, msasa laini, vijiti vya meno, spiriti kidogo, na gundi ya mirija miwili, ile wengi tunaiita Araldite hata kama kampuni ni nyingine. Spoku ya baiskeli ina milimita 2 na ni chuma kizuri sana, lakini iache kwa visanamu vikubwa vya sentimita 30. Ndani ya pini ya milimita 4 itakuachia ukuta mwembamba mno wa plastiki.

Hatua ya 1: Tafuta katikati. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Gusisha ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi mbichi, weka nukta moja katikati ya kisiki cha kwenye bawaba, kisha kirudishe mahali pake ukikandamiza kidogo. Mikwaruzo ya mahali palipokatika itakuongoza, kama ufunguo na kufuli. Ukitoa, nukta imejichapa upande wa pili. Usipofanya hivi matundu yatapishana nusu milimita, na nusu milimita kwenye kiwiko cha sentimita 15 inaonekana ukiwa mlangoni.

Hatua ya 2: Toboa. Dokoa kila nukta kwa ncha ya sindano ili biti isiteleze, kisha zungusha kwa vidole, polepole, ukitoa unga kila baada ya mizunguko michache. Drili ya umeme usiiguse. Inachemsha plastiki, plastiki inayeyuka na kuing'ang'ania biti, na hapo una matatizo mawili badala ya moja. Milimita 4 kwenda chini kila upande zinatosha. Simama wima juu ya kazi, macho yako yaitazame biti kwa mbele na kwa ubavu.

Hatua ya 3: Ng'oa kisiki kilichobaki mkononi. Kaza skrubu ndani ya tundu ulilotoboa, mizunguko mitatu au minne tu; ukizidisha, kisiki kinatanuka na kuubana mkono zaidi. Sasa tumbukiza mkono kwenye maji yaliyotoka kuchemka, yaliyotulia kidogo, kwa dakika moja hadi mbili. Maji ya moto hayachomi nyumba, na rangi nzuri ya kiwandani kwa kawaida huyastahimili, ila stika na rangi ulizopaka mwenyewe zikinge. Ukiona mkono umelainika, shika kichwa cha skrubu kwa plaizi na uvute moja kwa moja. Usitingishe kushoto kulia. Kisiki kitachomoka na uyoga wake mzima, na uyoga huo ndio tunaoutaka, kwa sababu ndio utakaoushika mkono tena. Kisipotoka, rudisha kwenye maji. Mimi nimewahi kurudia mara tano.

Hatua ya 4: Jaribu gundi kabla ya kuiamini. Weka tone dogo sehemu isiyoonekana, kesho yake likwangue kwa ukucha. Likibanduka kama ganda la kitunguu, plastiki yako ni ile inayoteleza kama sabuni, ambayo haishikani na gundi karibu yoyote. Hapo tegemea skrubu ndogo isiyo na kichwa, iliyokazwa pande zote mbili, ishike kwa meno yake. Wengine tuendelee.

Hatua ya 5: Unga. Kata waya wa klipu milimita 7, ukwaruze kwa msasa hadi upoteze ung'aavu. Uingize pande zote bila gundi kwanza, uone kama sehemu mbili zinakutana sawasawa. Kama kuna mwanya, waya ni mrefu, ukate. Kisha changanya gundi, sukuma kidogo ndani ya kila tundu kwa kijiti, paka filamu nyembamba kwenye sehemu iliyokatika, unganisha. Kinachofurika kifute mara moja kwa kitambaa chenye spiriti. Kwenye bawaba isiingie hata chembe.

Kisha acha saa 24, hata kama mrija umeandikwa dakika 5. Dakika 5 ni za kushika, si za kubeba.

Hatua ya 6: Rudisha. Sugua kwa msasa kivimbe chochote kilichobaki shingoni. Chemsha maji tena, lakini safari hii lainisha mkono wa juu peke yake. Pini uliyounga ibaki kavu na baridi. Sukuma uyoga ndani kwa mkandamizo mmoja ulionyooka hadi usikie umeketi. Kama kiungo kinakaza, weka grisi ya silikoni kiasi cha kichwa cha kiberiti. Mafuta ya kujipaka na ya kupikia yasikaribie, kuna plastiki zinazodhoofishwa nayo taratibu. Kama kinalegea, paka pini vanishi ya maji tabaka jembamba kabla ya kuirudisha, uiache ikauke kabisa.

Subiri mkono upoe. Unapozungusha mara ya kwanza, shika bawaba yenyewe, si kiganja, maana kiganja ni wenzo mrefu na wenzo ndio uliovunja pini tangu mwanzo. Zungusha robo, rudisha, zungusha nusu. Ukisikia mlio, simama, rudi kwenye maji. Kikizunguka kimya, mrudishie askari bunduki yake.