Namna ya kuandaa swali la bungeni ambalo waziri hawezi kulikwepa: kwa vijiji na kata za Kigoma

Katiba, Ibara ya 63(3)(a), inampa mbunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mwananchi wa Nguruka au Kalya hasimami pale Dodoma, lakini swali zuri karibu kila mara huanzia kwake, kwa sababu yeye ndiye anayejua bomba lilikauka mwezi gani na mabati ya zahanati yamekaa stoo tangu lini. Mwongozo huu ni wa namna ya kumkabidhi mbunge swali lililoiva, siyo malalamiko ambayo ofisi yake italazimika kuyapika upya.

Mfano tutakaoutumia ni huu: kijiji ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza kimejenga boma la zahanati kwa michango na nguvu za wananchi, limefika kwenye lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), na limesimama hapo.

1. Kusanya karatasi kabla ya kumtafuta mbunge

Unahitaji vitu vitatu tu. Kwanza, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioamua ujenzi, wenye mhuri na sahihi ya mtendaji. Pili, muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata unaoonyesha mradi ulipelekwa juu. Tatu, picha za boma, moja kwa kila upande, na tarehe ziandikwe. Mkipewa barua yoyote na halmashauri, iongezeni.

Kama halmashauri inagoma kutoa taarifa ya fedha, andika barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Tunza nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Hata usipojibiwa, nakala hiyo ni ushahidi kwamba mliuliza.

2. Chagua mbunge

Kwa kawaida ni mbunge wa jimbo. Lakini kama mbunge wenu ni waziri au naibu waziri, hataweza kuiuliza Serikali ambayo yeye mwenyewe ni sehemu yake. Buhigwe na Kasulu Mjini zimewahi kuwa na wabunge wa namna hiyo. Hapo nenda kwa mbunge wa viti maalumu wa mkoa au wa jimbo jirani. Si utovu wa adabu. Mpelekee tu mbunge wenu nakala ili asije akasikia habari barabarani.

3. Jua ni swali la wizara ipi

Hapa maswali mengi hupotea njia. Kwa mazoea, watu wanadhani zahanati ni ya Wizara ya Afya na barabara ni ya Wizara ya Ujenzi. Sivyo.

Zahanati na kituo cha afya hujengwa na kuendeshwa na halmashauri, kwa hiyo swali la boma letu ni la TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Dawa zinazotoka MSD (Bohari ya Dawa), sera, na hospitali ya rufaa ya mkoa kama Maweni ni za Wizara ya Afya. Barabara kuu na za mkoa, kwa mfano Kidahwe–Kasulu–Nyakanazi, ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, chini ya wizara ya ujenzi. Barabara ya kutoka kijijini kwenda mwaloni, ile inayokatika kila masika, ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko chini ya TAMISEMI. Maji ya vijijini ni RUWASA (wakala wa maji vijijini) na ya mjini ni mamlaka ya maji, ila zote zinaishia Wizara ya Maji. Nguzo za umeme kijijini ni REA (wakala wa nishati vijijini) na TANESCO (shirika la umeme), Wizara ya Nishati. Leseni za mitumbwi na kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, kama ilivyofanyika kati ya Mei na Agosti 2024, ni wizara ya uvuvi.

Kuna miradi inayokaa mpakani. Daraja lililo kwenye barabara ambayo mkoa umeomba ipandishwe hadhi, kwa mfano: TARURA watasema wanasubiri TANROADS waichukue, TANROADS watasema bado haijapandishwa. Usiulize kuhusu daraja. Uliza kuhusu hadhi: je, maombi ya kuipandisha yaliwasilishwa tarehe gani, na uamuzi umefikia wapi? Jibu la hilo ndilo litakalokuonyesha daraja umdai nani. Na kwa vile wizara huunganishwa na kutenganishwa kila baraza la mawaziri linapopangwa upya, angalia jina la sasa kabla hujaandika.

4. Andika swali lenyewe

Fungua Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) yoyote ya miaka ya karibuni. Maswali ya msingi, yaani yale yanayowasilishwa kwa maandishi mapema, mengi ni sentensi moja inayoanza na "Je". Na mengi yanaanza hivi: "Je, ni lini Serikali itakamilisha…?" Liepuke neno "ni lini" kama unavyoepuka kiti kilichovunjika mguu. Linaonekana kali, lakini linampa waziri uhuru wote, kwa sababu ni swali la kesho na kesho haina rekodi. Jibu lake linajulikana hata kabla halijasomwa: Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi, na itaendelea kutenga fedha kwa awamu kadiri zitakavyopatikana. Hapo hujadanganywa, na hujajibiwa pia.

Uliza kuhusu kilichokwisha kutokea. Jambo lililopita lina tarehe, lina kiasi, lina sahihi ya mtu. Linganisha:

*Je, ni lini Serikali itakamilisha zahanati ya Kijiji cha …?*

*Je, kati ya fedha zilizoidhinishwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa ajili ya kukamilisha boma la zahanati ya Kijiji cha …, kiasi gani kimepokelewa na Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza na kimefanya kazi gani?*

La pili lina mtego mmoja unaoweza kukunasa mwenyewe. Kama hakuna fedha yoyote iliyoidhinishwa, waziri atasema "hakukuwa na fedha zilizotengwa" na kukaa chini. Kwa hiyo lazima uone kwanza kwenye bajeti ya halmashauri, ile iliyopita baraza la madiwani. Diwani anayo nakala. Usikubali diwani akuambie kwa mdomo tu kwamba "ipo"; mwombe ukurasa wenyewe na uupige picha. Ukikuta haipo, badili swali: uliza kwa nini mradi ulioibuliwa na wananchi na kupitishwa na kata mwaka fulani haukuingizwa kwenye bajeti.

Sasa jambo linalowaangusha hata wazoefu, nalo ni vitenzi vya fedha. Fedha *kutengwa* ni kuandikwa kwenye mpango. *Kuidhinishwa* ni Bunge kupitisha. *Kutolewa* ni Hazina kuziachia. *Kupokelewa* ni kuingia kwenye akaunti ya halmashauri au ya kituo. *Kutumika* ni kulipa fundi na duka la vifaa. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miaka mitatu, na waziri atachagua kitenzi kinachompendeza. "Serikali imetenga shilingi milioni 50" ni sentensi ya kweli kabisa hata kama hakuna senti iliyofika Uvinza. Ukiuliza "imetenga kiasi gani", umemfungulia mlango. Tumia *kupokelewa* na *kutumika*, na kama nafasi inaruhusu taja chanzo: Serikali Kuu, mapato ya ndani, au wahisani. Chanzo kisipotajwa, mnaweza kujibiwa kwa fedha za mradi mwingine uliopo kata hiyohiyo.

Angalia pia majina. Kuna vijiji viwili vyenye jina linalofanana ndani ya wilaya moja, au kijiji kilichogawanywa na zahanati ikabaki upande wa pili. Andika kijiji, kata, halmashauri. Mara kadhaa jibu zuri limetolewa bungeni kuhusu zahanati isiyo hiyo.

Halafu kumbuka nani anaandika jibu. Wizara hupeleka swali mkoani, mkoa hulishusha halmashauri, na wataalamu walewale mnaowalalamikia ndio huandaa rasimu inayopanda tena hadi Dodoma. Naibu waziri anayelisoma pengine hajawahi kufika Uvinza. Ndiyo maana kwenye jibu boma lenu laweza kuwa "limefikia asilimia 80". Picha zenu zenye tarehe ni akiba ya siku hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, swali liwe na kitu kinachopimika ambacho halmashauri ikikipamba mtaona palepale: lenta, paa, milango, idadi ya vyumba.

Vitu vya kuondoa: hotuba ya utangulizi, maoni, lawama, majina ya watumishi, na jambo lolote lililoko mahakamani. Vitarudishwa, na muda utakuwa umekwenda.

5. Pangilia muda

Bunge hukutana kwa kawaida mara nne: mwishoni mwa Januari hadi Februari, Aprili hadi Juni, mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, na Novemba. Maswali huwasilishwa Ofisi ya Bunge mapema, kwa hiyo mfikishieni mbunge lenu walau miezi miwili kabla ya mkutano.

Kwa swali la fedha, Februari ndiyo bora. Nusu ya mwaka wa fedha imeshapita na waziri hawezi kusema mwaka bado mchanga. Mkutano wa bajeti una mvuto lakini ni mbaya kwa jambo hili, kwa sababu kila kitu kinajibiwa kwa "tumetenga katika bajeti ijayo". Maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu ni ya sera. Msilipeleke boma huko.

6. Maswali ya nyongeza: hapa ndipo waziri hushikwa

Jibu la swali la msingi limeandikwa na kukaguliwa. La nyongeza halijaandikwa. Muulizaji hupata mawili, wabunge wengine moja moja. Yaandaeni kama mafundi wanavyopanga vifaa kabla ya kupanda juu ya paa, kila jibu linalotarajiwa na swali lake:

Akisema *zimetengwa*: hadi leo kiasi gani kimeingia kwenye akaunti, na tarehe gani?

Akisema *tathmini inaendelea*: mhandisi alifika kijijini lini, na taarifa yake amemkabidhi nani?

Akisema *ujenzi umefikia asilimia kadhaa*: boma halina paa hadi leo; asilimia hizo ni za kazi ipi?

Kila moja liwe fupi kiasi cha kusemwa bila kutazama karatasi. Msimruhusu mbunge atumie la nyongeza kuombea kijiji kingine chenye "changamoto kama hiyo". Waziri atakijibu hicho kingine kwa furaha na lenu litazikwa. Vilevile lile la "je, yuko tayari kuambatana nami kwenda kujionea?" ni kupoteza nafasi. Jibu ni ndiyo, kila siku ndiyo, na ziara haina tarehe. Litumieni tu pale jibu lilipopingana waziwazi na hali ya kijijini, na mdai mwezi wa ziara.

Mbunge asipokuwepo, mwenzake huuliza kwa niaba yake, kwenye Hansard utaona "K.n.y." Huyo hajui kijiji chenu. Mwambieni katibu wa mbunge karatasi ya nyongeza iambatane na swali, ili yeyote atakayesimama awe nayo mkononi.

7. Karatasi ya kumkabidhi

Ukurasa mmoja, uliochapwa. Juu swali, katikati mambo matano yenye tarehe, chini maswali ya nyongeza, nyuma viambatisho. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika sita haufanyi kazi hii. Hakuna katibu atakayeusikiliza mara mbili.

8. Baada ya jibu

Vikao huanza saa 3:00 asubuhi kwa maswali. Vipande vya video husambaa siku hiyohiyo, lakini msivitegemee, kwa kuwa hukatwa. Subirini Hansard kwenye tovuti ya Bunge, pakueni faili, tafuteni jina la kijiji, na mnakili namba ya swali, tarehe, na maneno yenyewe ya jibu, herufi kwa herufi.

Aya hiyo iambatisheni kwenye barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na mbunge, mkiuliza jambo moja: kiasi kilichotajwa bungeni kiko akaunti ipi? Isomwe pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata na iingie kwenye muhtasari. Miezi sita ikipita kimya, mnayo malighafi ya swali jipya, na safari hii linaanza hivi: *Je, kwa nini fedha ambazo Serikali ililieleza Bunge tarehe …, katika jibu la Swali Na. …, kwamba zimetolewa hazijapokelewa na Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza?*